Ndege Mia Nne na Kumi na Wawili wa Kabati la Saba

Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu hakupata kupita mbele ya kabati la saba bila kuangalia pembeni. Alipita haraka, funguo zikimlia kiunoni, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani aliyekosana naye. Makabati mengine yote ya makumbusho ya chuo kikuu aliyajua kama watoto wake wa kuwazaa: lipi mlango wake hulia, lipi droo yake ya tatu hukwama wakati wa mvua, lipi linapenda kuingiliwa na wadudu walao manyoya hata ulitie dawa namna gani. Hata jina lake mwenyewe lilikuwa limemezwa na makabati hayo. Kuanzia walinzi wa getini hadi maprofesa wenye mvi, wote walimwita Mama Droo.

Makumbusho yalikuwa chini kabisa ya jengo la sayansi, vyumba vitatu vyenye madirisha yaliyozibwa kwa karatasi nyeusi, kwa sababu mwanga hula rangi. Chumba cha kwanza kilikuwa cha samaki, wamesimama ndani ya chupa za spiriti wakiwa na nyuso za watu waliokatizwa wakisema. Cha pili kilikuwa cha mimea iliyobanwa katikati ya magazeti ya zamani na vipepeo waliochomwa pini migongoni. Cha tatu kilikuwa cha ndege. Makabati kumi na mawili ya mbao nzito, na ndani ya kila droo ndege wamelala chali, mabawa yamebanwa ubavuni, miguu imefungwa pamoja, matumbo yamejazwa pamba. Ukivuta droo, harufu ya vidonge vya dawa ilikupiga puani, halafu rangi zikakupiga machoni, na kwa kitambo kidogo hukujua ushangae au usikitike.

Mguuni mwa kila ndege palikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwa uzi. Lebo. Pale paliandikwa alipatikana wapi, siku gani, dume au jike, bawa lake lilikuwa na urefu gani. Ndege aliyekufa huishi kwenye kipande hicho cha karatasi. Mtu akija miaka hamsini baadaye akauliza kama zamani kulikuwa na ndege kama kwera kwenye mto fulani, ni karatasi ile itakayomjibu, si manyoya. Ukimnyang'anya lebo yake, umebaki na pamba iliyovishwa koti zuri.

Katika kabati la saba ndege wote walikuwa na lebo safi, nyeupe, zenye mwandiko wa kupendeza. Na kila lebo ilikuwa na jina la aina ya ndege tu. Hakuna mahali. Hakuna siku. Hakuna kitu.

Mwandiko ule ulikuwa wake.

Alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo, mfagiaji mpya, ndoo mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine. Mkuu wa makumbusho wa enzi hizo alimwambia kwamba wakubwa wa chuo watatembelea siku ya Ijumaa, kila kitu king'ae. Akafuta sakafu, akafuta chupa, akafuta vioo. Kisha akafungua kabati la saba akaona aibu kwa niaba ya chuo kizima. Ndege wazuri namna ile, na miguuni wamefungwa vikaratasi vyenye madoa ya damu na mafuta, mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino! Yeye shuleni alikuwa akisifiwa mwandiko. Basi Jumanne, Jumatano na Alhamisi asubuhi alikaa na mkasi, akakata lebo mia nne na kumi na mbili, akawafunga ndege kadi mpya. Alinakili jina tu, kwani kwa akili yake kazi ya lebo ni kumtaja mwenye mguu. Yale mengine aliyaona ni mahesabu ya watu waliokwisha kuyamaliza.

Alhamisi mchana aliingia mchunaji wa ndege, mtu mfupi mwenye vidole virefu, ambaye wote walimwita Mzee Pamba ingawa hakuwa mzee bado. Ndege wa kabati la saba alikuwa amewakusanya yeye, kwa safari saba za kwenda kwenye kinamasi kimoja, akiwapima, akiwachuna na kuwajaza pamba papo hapo chini ya turubai. Alivuta droo ya kwanza. Akavuta ya pili. Hakupiga kelele.

"Ziko wapi?" aliuliza.

"Zipi, mzee?"

"Karatasi."

"Zile chafu? Nimezitupa. Zimeshapelekwa shimoni kuchomwa."

Mfagiaji hakuwahi kumwona mtu mzima akikimbia vile ndani ya jengo la serikali. Alimfuata nyuma bila kujua wanakimbilia nini. Shimoni moto ulikuwa ndiyo kwanza unashika, na Mzee Pamba akaingiza mkono kwenye moshi kama anayeokoa mtoto. Waliokota lebo mia nne na tisa. Tatu ziliungua. Zote zilikuwa zimechanganyika, na daftari kuu lililokuwa na orodha ya safari zile lilikwisha kuliwa na mchwa mwaka mmoja kabla. Hapo ndipo yule binti, akiwa amekaa chini na majivu kwenye sketi, alielewa alichofanya.

Mkuu alitaka kumfukuza siku ileile. Mzee Pamba ndiye aliyekataa.

"Ukimfukuza utaleta mwingine," alisema, "naye atakata za kabati la nane. Huyu angalau amekwisha kujifunza."

Lebo zile ziliwekwa ndani ya kopo la biskuti, kopo likawekwa juu ya kabati la saba. Na Mzee Pamba akaanza kumfundisha kazi yule mfagiaji, kwa ukali usio na chuki. Alimfundisha kuchuna bila kutoboa, kukausha, kuweka dawa, kuandika. "Lebo haiondolewi," alimwambia, na kumwambia tena. "Ukiona imekosewa, ongeza nyingine pembeni. Hata uongo wa mtu wa zamani una faida, unatuonyesha alidhani nini." Binti akashika kazi. Akapanda kutoka ndoo hadi kalamu, kutoka kalamu hadi funguo. Lakini kopo lilibaki pale juu, na macho yake yakabaki pembeni.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi. Miaka kadhaa baadaye wahadhiri wawili walijaribu kuzirudisha lebo kwa wenyewe. Wazo lao lilikuwa zuri: kila lebo ina urefu wa bawa, basi pima mabawa, tafuta yanayolingana. Walipima ndege arobaini. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Kila bawa lilikuwa fupi kuliko lebo yoyote iliyomfaa. Wakaandika taarifa ya ukurasa mmoja: vipimo vya awali havitegemeki. Kwa lugha ya nyumbani, Mzee Pamba alikuwa anabahatisha. Alistaafu na neno hilo mgongoni, mtu aliyepima ndege maelfu kwa mkono usiotetemeka, na aliyemtwisha mzigo huo ni mfagiaji aliyependa usafi.

Mwaka huu chuo kilikamilisha jengo jipya. Mkuu wa makumbusho sasa alikuwa profesa wa kike, mwepesi wa miguu, mkavu wa maneno, mtu wa haki. Alimwita Mama Droo ofisini.

"Keti."

"Mkuu, nikikaa nitapewa habari mbaya. Nipe nikiwa nimesimama."

Mkuu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Makabati mapya ni kumi tu. Kisichokuwa na habari zake hakihamishwi. Nimeandika orodha ya vitu vya kuteketezwa. Kabati la saba limo."

"Lote?"

"Lote. Usinitazame hivyo, Mama Droo. Kile kinamasi kilishakaushwa, sasa pale ni nyumba na maduka. Kama wangekuwa na lebo zao, ndege wale wangekuwa dhahabu. Hawana. Kazi yangu mimi ni kuamua, na nimeamua."

"Lebo wanazo. Ziko kwenye kopo."

"Wenye shahada zao walishindwa na hilo kopo."

"Wao walijaribu siku nne," alisema Mama Droo. "Nipe hadi mwisho wa muhula."

Mkuu alihesabu kwenye kalenda. Wiki kumi na nne. "Na nikikupa, halafu?"

"Halafu mlete mtu wa nje anayejua ndege, anipime. Nikianguka, nitawapeleka shimoni mwenyewe, kwa mikono yangu."

Alishuka ngazi hadi makumbusho. Alichukua kopo, akapuliza vumbi, na kwa mara ya kwanza akalitazama kabati la saba usoni.

Nyumbani habari zilipokewa na kila mtu kwa namna yake. Mumewe alikuwa fundi cherehani, chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kibanda chake cha kushonea. Mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi usiojua likizo, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele.

"Kwa hiyo sasa unawatafutia maiti vitambulisho," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Mia nne."

"Na kumi na wawili, mama."

"Mwanangu," bibi alimgeukia fundi, "nilikuambia oa mwalimu."

"Mwalimu angenisahihisha mimi, mama," alijibu fundi bila kuinua macho kwenye sindano. "Huyu angalau anasahihisha ndege."

Wiki mbili za kwanza alirudia yaleyale ya wahadhiri, akapata majibu yaleyale. Mabawa yote mafupi. Lakini yeye alikuwa na kitu ambacho wale hawakuwa nacho: alikuwa amesimama miaka minane kando ya Mzee Pamba, na alijua kwamba mtu yule alikuwa mwongo katika mambo mengi, hasa ya umri wake na ya samaki aliowavua ujanani, lakini si mbele ya rula. Jumamosi moja akamfuata alikokuwa akiishi, nyumbani kwa bintiye, mtoto wa jicho akiwa amekwisha kumfunika macho yote mawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unanuka dawa za nondo. Mama Droo?"

"Ndiye. Mzee, nina swali la kijinga."

"Ungekuwa na la akili ungempelekea profesa. Sema."

"Ulikuwa unapimaje bawa?"

Mzee aliinua kidevu kama aliyetukanwa. "Miaka minane umekaa nami na hujui?"

"Niliingia ulipokwisha kuacha kwenda safari. Nilikuona ukichuna, sikukuona ukipima aliyekufa sasa hivi."

"Lete mkono." Akamshika kiganja, akakilaza juu ya goti lake. Vidole vyake vilikuwa vyepesi bado. "Watu wa siku hizi wanaliacha bawa na upinde wake, hivi, kama mgongo wa kijiko. Wanaogopa kulivunja. Mimi nilikuwa nalilaza." Akabonyeza kiganja hadi kikanyooka kabisa. "Nalilaza juu ya rula mpaka linyooke, ndipo nasoma. Kiungo cha bawa kinagusa kizuizi, ncha ya unyoya inasema ukweli. Bawa lenye upinde linakuficha milimita mbili, wakati mwingine tatu. Wale wahadhiri walipimaje?"

"Kwa upinde."

"Halafu wakasema mimi ndiye sijui."

Alirudi makumbusho Jumatatu, akaanza upya. Bawa lililokaushwa miaka mingi halinyooki kirahisi. Ilibidi alishawishi, pumzi imebanwa, kidole gumba kikishuka polepole kama kinachofunga jicho la mtu aliyelala. Vipimo vikasogea. Vilisogea karibu sana hata moyo ukamruka. Lakini havikufika. Bado kila bawa lilipungua, milimita moja hapa, moja na nusu pale. Wiki ya tano ikapita, ya sita ikapita. Alianza kula bila kujua anakula nini.

Siku moja jioni, jua bado lipo, alikaa karibu na cherehani akiwa ameshika tama. Mteja alikuwa ameleta kitambaa cha pamba cha shati la mwanawe, anataka likatwe leo lishonwe leo. Fundi alikataa.

"Kitambaa hiki lazima nikiloweke kwanza, kikauke, ndipo nikate," alimwambia mteja. "Nikikipima hivi kilivyo, mtoto atalivaa mara moja, ukilifua halimtoshi. Utasema fundi mwizi. Kumbe fundi alipima sawa, ila alipima kabla."

Mteja akaondoka ananung'unika. Mama Droo alikuwa amesimama.

"Rudia hilo."

"Nimesema atasema fundi mwi—"

"Si hilo! La kupima."

"Nimesema kosa si la rula. Kitu kilipimwa kabla hakijanywea."

Mama Droo alimshika mumewe mashavu yote mawili mbele ya mama yake mzazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi.

"Jamani, na mimi nipo," alisema bibi.

Ndege walipimwa wangali laini, saa moja baada ya kufa, kinamasini. Kisha wakakaushwa. Ngozi ikavuta, kiungo cha bawa kikajikaza, na bawa likanywea kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kilichobaki ni kujua kiasi hicho. Kesho yake alifungua kabati la sita, lenye ndege wengine wa Mzee Pamba ambao lebo zao hazikuwahi kuguswa na mkasi. Alipima mia moja, akalaza kila bawa kama alivyofundishwa, akalinganisha na yaliyoandikwa. Wa kwanza alipungua. Wa pili alipungua. Alipofika wa mia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu wote walikuwa wamepungua kwa uwiano mmoja, karibu mbili katika kila mia, wadogo kwa wakubwa. Yule mtu hakuwa amebahatisha hata siku moja. Alikuwa mwaminifu kiasi kwamba hata kunywea kwa ndege wake kulikuwa na nidhamu.

Sasa kazi ilikwenda. Alichukua aina moja moja: mdiria, chozi, kwera. Kwa kila ndege alipima bawa, akaongeza kile kilichonywea, akatafuta lebo inayolingana, dume kwa dume, jike kwa jike. Aina zilizokuwa na ndege watano au sita zilijipanga zenyewe. Shida ilikuwa kwa wengi. Kwera peke yao walikuwa thelathini na saba, na madume manne yalikuwa na bawa lilelile, kama mapacha.

Hapo alikumbuka uzi. Siku ile ya mkasi aliogopa kuvunja miguu, hivyo alikata uzi karibu na lebo, na kitanzi cha zamani akakiacha mguuni. Kipande kidogo kilibaki kwenye tundu la kila lebo. Nyuzi zote zilikuwa za rangi ya vumbi kwa macho yake. Alimwomba Mkuu ruhusa, na Jumamosi mumewe akaingia makumbusho kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na kioo chake cha kukuzia mfukoni.

Alisimama mbele ya droo iliyo wazi kwa muda mrefu.

"Kumbe ndio hawa," alisema polepole. "Mimi nilidhani unakuja kufuta vumbi tu."

"Na vumbi pia. Kaa. Usipumulie mdiria."

Fundi aliinama na kioo chake. Baada ya robo saa alianza kuongea kama aliyekuwa sokoni. "Huu ni wa kushonea viatu, umepakwa nta. Huu ni wa pamba, nyuzi mbili zimesokotwa kushoto. Huu nao nyuzi tatu, kulia. Huu, Mama Droo, huu si uzi wa dukani, mtu amechomoa kwenye gunia." Walipanga siku nzima. Kwa tarehe zilizokuwa kwenye lebo, iligundulika kwamba kila safari ilikuwa na uzi wake; Mzee Pamba alibeba kibiringo kimoja cha uzi kila alipoondoka, na mara moja kilimwishia, akachomoa gunia la chumvi. Bawa likasema huyu ni mmoja kati ya wanne, uzi ukasema ni wa safari ya tatu, na lebo ya safari ya tatu ilikuwa moja tu.

Wiki ya kumi na tatu alikuwa amewarudisha ndege mia tatu themanini na mmoja. Thelathini na mmoja walibaki, na lebo ishirini na nane. Mhadhiri mmoja alipita, akatazama, akamwambia kwa nia njema: "Si ugawe tu hizo zilizobaki? Nani atajua?"

"Mimi," alisema Mama Droo. "Nilishaharibu lebo kwa kudhani mara moja. Sirudii." Akawaandikia wale thelathini na mmoja kadi moja moja: lebo yake haijapatikana.

Alikuwa ameficha silaha moja. Nyuma ya karibu kila lebo, kwa penseli, Mzee Pamba alikuwa ameandika pia urefu wa mkia. Tangu mwanzo Mama Droo alijikataza kugeuza lebo. Alizipanga ndani ya bahasha za plastiki, upande wa nyuma umezibwa kwa karatasi iliyotiwa muhuri na Mkuu. Bawa na uzi vilifanya kazi. Mkia, ambao ni manyoya matupu na haunywei, aliuacha uwe shahidi.

Mtaalamu wa ndege alitoka chuo kingine, mtu mrefu mwenye miwani juu ya paji la uso na uso wa mtu asiyependa kupotezewa asubuhi. Kamati nzima ilisimama kuzunguka meza. Alichagua ndege thelathini mwenyewe, kutoka droo alizotaka mwenyewe. Alipima mkia, akasema namba kwa sauti. Kisha Mkuu akabandua muhuri, akageuza lebo, akasoma.

"Hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili na nusu."

"Arobaini na moja."

"Arobaini na moja."

Iliendelea hivyo. Mtaalamu aliteremsha miwani machoni. Kamati iliacha kunong'ona. Walipofika kumi na sita, Mkuu alikuwa anasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Wa kumi na saba alikuwa chozi dume.

"Thelathini na nane," alisema mtaalamu.

Mkuu aligeuza lebo. Akakawia. "Sitini na moja."

Mtu mmoja wa kamati alishusha pumzi kama anayesema, nilijua. Mama Droo alisogea mezani. Aliinama juu ya chozi yule bila kumgusa, akamtazama mkiani, akatazama namba ya droo. Kisha akanyooka.

"Ametoka droo ya nne?"

"Ya nne."

Alikwenda kabatini, akapitisha mkono kwenye kona ya ndani kabisa ya droo ya nne, akatoa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wake tarehe ya miaka tisa nyuma: manyoya mawili marefu ya mkia, yameanguka, chozi dume wa tatu kutoka kushoto. Aliimimina juu ya karatasi nyeupe. Manyoya mawili meusi, membamba kama masharubu. Mtaalamu aliyachukua kwa kibano, akalinganisha mashina yake na vitundu vilivyoachwa mkiani, akaona yanaingia, akapima tena.

"Sitini na nusu," alisema. Kisha, taratibu, "Mama, unaweka hata unyoya ulioanguka?"

"Si wangu niutupe."

Waliobaki kumi na watatu walipita mmoja baada ya mwingine kama watu wanaoingia kwao. Mtaalamu aliweka rula chini. Alivuta droo moja baada ya nyingine akisoma lebo za zamani zenye madoa, na kila aliposoma jina la kinamasi kile uso wake ulizidi kuwa wa mtu aliyekuta barua za marehemu mama yake. "Hakuna mahali pengine," alisema. "Hakuna chuo chenye ndege wa pale. Tulikuwa tunabishana kwenye makaratasi kama jike la aina hii liliwahi kuzaliana kule. Na hili hapa, lina tarehe, lina yai tumboni limeandikwa." Ghafla akageuka, hasira imempanda. "Lakini ni mpumbavu gani alizikata hizi lebo?"

Mkuu alikohoa. "Ni mambo ya zamani, mwenzangu, hayana haja—"

"Mimi," alisema Mama Droo.

Walimgeukia wote. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameliogopa swali hilo, na sasa lilipofika alishangaa kuona halina meno.

"Mimi ndiye niliyezikata, na mimi ndiye niliyezirudisha. Na kwenye taarifa yenu andikeni jambo moja. Ile ya zamani inasema vipimo vya mchunaji havitegemeki. Futeni. Au hapana, msifute, ongezeni nyingine pembeni. Andikeni kwamba vilikuwa sahihi vyote, ni sisi tuliokuwa hatujui kupima."

Mtaalamu alinyoosha mkono, wakapeana mikono kama mafundi wawili. Mkuu alichukua kalamu, akaifungua orodha ya vitu vya kuteketezwa, akapiga mstari juu ya mahali palipoandikwa saba. Alipiga mara mbili, kwa raha zake.

Mzee Pamba alisomewa taarifa mpya kwa simu, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri," alisema. "Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nawangoja nyinyi." Kisha sauti yake ikabadilika, ikabidi bintiye amalizie mazungumzo.

Mama mkwe naye alipata toleo lake la habari, na kufikia siku ya pili majirani wote walikuwa wameambiwa kwamba chuo kikuu kilishindwa kazi, wakaja kumwomba mkamwana wake, na kwamba mambo ya uzi yalitatuliwa na mwanawe mwenyewe. "Nilimwambia aoe mwenye akili," alisema bibi.

Wiki ya mwisho ya muhula walihama. Wapagazi walileta mkokoteni wa magurudumu, lakini Mama Droo aliutazama unavyoruka kwenye vigae akakataa. Droo za kabati la saba zilibebwa mikononi, moja moja, watu wawili kila moja, kuvuka uwanja kati ya majengo. Yeye alitangulia na ya kwanza, yeye na mumewe, wamefunika kitambaa cheupe kwa ajili ya jua. Wanafunzi waliokuwa wamekaa kwenye ngazi walinyanyuka bila kuambiwa, wakapisha, na mmoja akaanza kupiga makofi bila kujua anapigia nini, wengine wakamfuata, hadi uwanja mzima ukalia.

Mlinzi wa jengo jipya alikuwa amefungua bawa moja tu la mlango.

"Mama Droo! Hao wanakwenda wapi na shangwe zote hizi?"

"Kwao. Fungua mlango mzima, kijana, wako mia nne na kumi na wawili."

Akaufungua wote.